Yule Mwanaume Kwenye Simu ya Binti Yangu

"Anaharibu watoto huyooo! Mkamateni!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Saa tisa na robo alasiri, jua linachoma, kwenye uwanja wa kuoshea magari nyuma ya hospitali. Nimemshika binti yangu mkono, namvuta. Yeye ameng'ang'ania shati la mwanaume mzima mwenye ndevu, hataki kuliachia.

"Mama, nyamaza! Nakuomba nyamaza kwanza nikwambie!"

"Ninyamaze nikutazame unavyoharibiwa?"

Vijana watatu waliokuwa wanaosha lori wakatupa vitambaa. Mmoja akaokota spana ya magurudumu...

Ndugu zangu, ngoja nianzie nyuma kidogo. Mkisikia mwisho kwanza mtanilaani kabla hamjajifunza kitu. Kulaani mtalaani tu, najua. Ila someni mpaka chini.

Mimi ni mpiga pasi. Nafanya kazi kwenye duka la dobi, mashati ya watu wa maofisini kutwa nzima, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie.

Nina mtoto mmoja tu duniani. Binti. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano.

Jamani, yule mtoto nilimlinda!

Simu nilimnunulia mimi, na namba ya siri naijua mimi. Kila jioni anaiweka mezani, nasoma meseji moja baada ya nyingine, hata za mwalimu wake. Mlango wa chumba chake niliung'oa kitasa. Nguo zake za shule nilikuwa nanusa kabla ya kufua. Mtu wa dobi hadanganywi na nguo! Sigara naijua, manukato ya kiume nayajua.

Siku moja nikang'oa na komeo la bafuni.

"Mama, hata bafuni?"

"Una nini huko bafuni ambacho sikukizaa mimi?"

Akaoga kwa ndoo usiku huo huo gizani, taa kaizima.

Kazini nilikuwa na mwenzangu tunayemwita Kidomo, maana ule mdomo haujawahi kupata likizo. Nilikuwa namsimulia haya yote, ananipongeza.

"Shosti, wewe ndiye mama! Mchelea mwana kulia..."

"Hulia yeye!" namalizia.

Tunagonga mikono, tunaendelea na pasi.

Sasa jioni moja nimeishika ile simu, binti yuko jikoni anaosha vyombo, ujumbe ukaingia mkononi mwangu. Jina limeandikwa "Fundi Lifti".

"Mrembo wangu, kesho saa tisa pale pale kwa waosha magari. Mama usimwambie bado. Nina zawadi yako."

Nikausoma tena, mara mbili.

Nikatafuta ujumbe wa nyuma... hakuna. Kumbe alikuwa anafuta zote kabla ya kuiweka simu mezani. Huu ulichelewa kuingia.

"Wewe! Njoo hapa!"

Akaja, mikono ina povu.

"Fundi Lifti ni nani?"

Akajifuta povu kwenye sketi.

"Nakuuliza, ni nani? Umeshakutana naye mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara tatu!"

"Mama, ukiniuliza vizuri nitakwambia yote."

"Nikuulize vizuri, kwani umekuwa hakimu?"

Nikachomoa waya wa pasi ya nyumbani. Nilimpiga mpaka mkono wangu ukachoka, nikabadilisha mkono. Halikutoka chozi. Hiyo ndiyo iliyonitia wazimu. Nikachukua mkasi.

Nywele zake zilikuwa ndefu, alikuwa anazitunza tangu darasa la nne. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikakata, nikakata, hovyo hovyo, huku mabaka huku vipande. Nilitaka kioo kimtie aibu.

"Mama, mimi ni mtu. Na mimi nina haki ya..."

"Haki? Haki inauzwa dukani? Umeshawahi kuleta haki humu ndani tukala? Ukiwa chini ya paa langu, haki yako ni mimi!"

Nywele zinamdondokea mapajani. Halafu akauliza taratibu, kama anayeuliza saa ngapi:

"Mama... hivi baba alikufa na nini?"

Nilimzaba kibao mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda.

"Usinibadilishie mada!"

Asubuhi nikamwendea Kidomo.

"Mtu mzima, shosti. Anamwita mwanangu mrembo."

"Toba! Umeenda polisi?"

"Bado."

"Usiende, watakuzungusha, leo njoo, kesho njoo. Pale kuna vijana wana nguvu zao. Wewe waonye mapema, halafu piga yowe."

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Simu nilikuwa nimemrudishia binti kabla sijatoka nyumbani, nikajifanya nimeridhika. Nikamwambia nenda shule mwanangu, yaliyopita yamepita. Akajifunga kitambaa kichwani akaenda. Nilimtumia kama chambo. Mtoto wangu mwenyewe.

Saa nane nilikuwa nimeshafika pale uwanjani. Nikawaambia wale vijana:

"Kuna mtu anamharibu mwanangu. Nikipiga kelele, mje."

"Mama, wewe lia tu," mkubwa wao akajibu. "Na sisi tuna dada zetu."

Nikajificha nyuma ya lori.

Saa tisa ikaingia gari nyeupe, ngazi imefungwa juu. Akashuka mwanaume wa suruali ya kazi, amenipa mgongo, kashika boksi. Binti yangu akamkimbilia. Wakaongea kidogo. Kisha binti akafungua kile kitambaa cha kichwani.

Yule mwanaume akaliacha boksi likaanguka. Akaweka kiganja juu ya kile kichwa chenye mabaka, akakaa hivyo, mabega yanamtikisika.

Mimi niliona mkono wa mwanaume kwenye mwili wa mwanangu. Basi. Nikatoka na lile yowe mlilolisoma mwanzo.

Ngumi ya kwanza ilimkuta hajajua hata kimetokea nini. Ya pili ikamweka chini, kwenye maji ya sabuni.

"Mwacheniii! Ni baba yangu! Ni baba yangu mzazi!"

Spana ilikuwa imeshanyanyuliwa. Ikasimama hewani.

Mkubwa wao akanigeukia. Anahema.

"Mama. Mtoto anasema huyu ni babake. Kweli?"

Wote wakanitazama. Mpira wa maji umeachwa chini unamwaga tu. Binti yangu ananitazama, mikono kaiweka kifuani hivi, kama anayeomba.

"Mama, sema. Mama waambie!"

Nikasema:

"Babake alikufa huyu akiwa na miaka mitatu. Huyu mtu simjui."

Spana ikashuka.

Ikashuka tena.

Msiniulize mara ngapi. Ninachokumbuka ni lile povu la sabuni, lilikuwa jeupe, likawa la waridi, likaelekea mtaroni. Na binti yangu amemlalia mtu yule juu, naye akapigwa teke la mbavu kabla hawajamnyanyua.

Ndugu zangu, hapa nivute pumzi.

Babake binti yangu hakufa.

Tuliachana mtoto akiwa na miaka mitatu. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji. Tulishindwana tu, maneno yakawa mengi, na mamake mzazi, yaani mama mkwe wangu, akaja mlangoni kwangu akaniambia: "Wewe nenda utakapo, lakini mjukuu ni wetu."

Usingizi ulinitoka siku saba. Siku ya nane nikafunga nguo kwenye shuka, nikambeba mtoto, nikahama mji.

Alipoanza kuuliza baba yuko wapi, nikamwambia amekufa. Alianguka kutoka kwenye jengo, kazini. Akalia siku mbili, halafu akazoea. Nilijiona mjanja! Nikamwandikisha shule kwa jina la ukoo wangu mimi, na kila mwaka fomu ya shule ikija, penye mstari wa baba naandika "marehemu". Mwaka wa kwanza niliandika mtoto akiwa amelala. Mwaka wa tano nilikuwa naandika huku naongea na watu.

Kumbe fomu ndiyo iliyoniumbua, haya nimeyajua baadaye kwenye maelezo ya binti polisi. Mwaka ule wa mtihani, mwalimu alitaka cheti cha kuzaliwa, na kwa aliyefiwa na mzazi alete na cheti cha kifo. Cha kuzaliwa nilikuwa nacho, nikampa binti, na jina la babake limo. Cha kifo nikasema kilipotea wakati wa kuhama. Mtoto akanionea huruma. Akasema moyoni, mama anachoka, ngoja nikakitafute mwenyewe nimshtukize.

Akaenda ofisi ya vizazi na vifo na sare zake za shule. Karani akatafuta kwenye mashine, akatafuta tena. Akamwambia:

"Mdogo wangu, hapa hakuna kifo. Baba yako mwaka jana alikuja mwenyewe, anatafuta habari zako. Aliacha na namba ya simu."

Ndivyo alivyomfufua babake. Peke yake, dirishani kwa karani.

Na ule ujumbe wa "mama usimwambie bado"? Babake ndiye aliyesema waende taratibu, nisije nikapata mshtuko. Presha ninayo, alikuwa anaijua tangu zamani. Ile zawadi kwenye boksi ilikuwa viatu vya shule.

Hakufa pale. Alikaa hospitali wiki saba. Jicho la kushoto halioni. Mkono wa kulia umepoteza vidole vitatu, na fundi wa lifti bila vidole ni fundi wa kusimulia.

Wale vijana watatu walikamatwa siku ile ile, povu halijawakauka miguuni.

Na mimi? Polisi waliniuliza, nikaandika maelezo: sikumtambua. Miaka kumi na miwili imepita, ana ndevu, nilikuwa nimechanganyikiwa, niliamini mwanangu anatapeliwa na mtu anayejiita babake. Wakamuuliza na yeye kitandani, kafungwa bandeji uso mzima. Akasema:

"Mamake mtoto msimguse. Hakunijua."

Basi yakaishia hapo. Walioshika spana wakaenda ndani. Aliyewaita akarudi nyumbani kupiga pasi.

Lakini binti hakurudi na mimi.

Afisa ustawi wa jamii alimchukua siku ile ile. Afisa mwenyewe msichana mdogo, hata hajazaa. Alikagua mgongo wa mwanangu, akakagua kichwa, akaandika. Akaja na nyumbani, akatazama mlango usio na kitasa na bafu lisilo na komeo, akaandika pia.

"Mama, mtoto naye ana haki zake."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Basi nyamaza."

Hakunyamaza. Tukafika mbele ya hakimu wa watoto. Chumba kidogo, meza, viti sita, hakuna kizimba.

Nikasimama kwa kujiamini. "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemzaa. Huyu ni mtoto, mtoto hana uamuzi. Mwambieni arudi nyumbani."

Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani, akaniambia kwa upole kabisa:

"Tutamsikia yeye mwenyewe. Wewe mama utusubiri nje."

"Mimi nitoke? Atoke nani, mzazi?"

"Mzazi."

Niliketi kwenye korido dakika arobaini. Mara ya kwanza katika maisha ya yule mtoto anasema maneno nisiyoyasikia mimi. Nilisogeza sikio mlangoni, askari akanirudisha kwenye benchi.

Uamuzi ukatoka. Aishi kwa shangazi yake, dada wa babake, mpaka baba apone. Mimi nimwone saa moja kila Jumamosi, ofisini kwa afisa ustawi, afisa akiwepo. Na kuna maneno matatu yaliongezwa mwishoni: mtoto mwenyewe akikubali.

Jumamosi ya kwanza nikaenda nimevaa vizuri. Afisa akatoka.

"Mama, leo hataki."

Ya pili. "Hataki."

Ya tano nikapandisha sauti.

"Kwani mtoto ana haki ya kukataa kumwona mama yake?"

"Anayo."

"Nani kampa?"

"Nusu kapewa na sheria, mama," akasema. "Nusu umempa wewe."

Kidomo naye hakunipumzisha. Siku hizi anasimulia kazini, mimi nikiwa pale pale:

"Mimi nilimwambia aende polisi, akakataa! Hasikii huyu!"

Pasi iko mkononi mwangu ya moto. Nikaendelea na kola.

Jumamosi ya kumi na mbili, afisa akatoka akasema, "Amekuja."

Nikaingia. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, begi lipo mapajani. Nywele zimeota, fupi, amezichana vizuri. Nilitaka nimkumbatie. Akaweka begi katikati yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umekonda? Wanakupa chakula? Shangazi yako ana..."

"Mama, nina swali moja. Nimekuja na hilo tu."

Afisa alikuwa pembeni na daftari lake.

"Uliza mama, uliza lolote."

"Siku ile, kabla hujawajibu wale kaka... ulikuwa umemtambua baba?"

Jamani.

Maelezo yangu yako kituoni, yamesainiwa. Babake mwenyewe amenitetea. Hakuna shahidi wa kilichomo moyoni mwangu. Ningesema "hapana mwanangu", ingebaki hapana mpaka siku ya kufa kwangu. Na huenda Jumamosi ijayo angekuja tena.

Na nyie mnaonisoma, kuna kitu nimewaficha mpaka hapa.

Nilipopiga lile yowe na kufika pale, yule mwanaume aligeuka. Ndevu, ndiyo. Mvi, ndiyo. Lakini macho ni yale yale. Akanyoosha mikono yote miwili wazi, akaniita kwa jina la utani ambalo dunia nzima alikuwa analijua yeye peke yake. Akasema:

"Usiogope. Ni mimi."

Alidhani naogopa mtu nisiyemjua! Ngumi ya kwanza ilimpata akiwa bado ananituliza.

Nilimtambua kabla hawajamgusa. Nilipoulizwa "kweli?" nilikuwa na muda mrefu wa kujibu. Nilimtazama yeye, nikamtazama mtoto, nikawaza: nikisema ndiyo, leo namkosa mwanangu. Basi afe tu, kama nilivyosema kwenye fomu.

Ndivyo nilivyowaza. Kwa maneno hayo hayo.

"Mama, nakusubiri," binti akasema.

"Nilimtambua."

Hakulia. Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

"Kwa nini sasa?"

"Niliogopa atakuchukua."

"Kila siku anawaambia watu hukumjua," akasema. "Akishindwa kufunga kifungo cha shati anasema, mama yako asingefanya hivi kama angenijua. Leo nitamwambia."

"Mwanangu, usimwambie! Ataumia bure..."

"Ana haki ya kujua."

Akasimama. Akavaa begi. Mlangoni akageuka, nami nikanyanyuka kitini!

"Asante kwa kunijibu."

Ile asante ya kumwambia karani dirishani. Akaondoka. Saa moja niliyopewa, nilitumia dakika sita.

Nikabaki na afisa. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Mama, nimesikia. Siwezi kujifanya sijasikia. Wale vijana watatu wako ndani kwa kuamini neno lako."

"Na wao wana mama zao," nikasema.

"Niandike?"

"Andika."

Jumatatu saa mbili asubuhi natakiwa kituoni. Sijui nitatoka na nini. Naandika haya leo Jumapili kwa simu yangu, watu wengi mnanifahamu na mtanitambua, sawa. Nitukaneni kwenye komenti mpaka mridhike. Ila binti yangu msimtafute, picha yake msiiweke popote, msimuulize lolote. Hajaruhusu.

Mama mwenzangu unayesoma hapa na simu ya mwanao iko mkono wa pili unaipekua, nakuomba kitu kimoja. Nami sikusemi kwa sababu najua kuliko wewe. Nakusema kwa sababu nimemkosa wangu.

Kumlinda mtoto sijakataza. Wabaya wapo, na wengine wanatuma ujumbe wa hivyo hivyo. Lakini mtoto si mali yako ukamfungia ukweli wake kabatini. Babake ni wake. Mwili wake ni wake. Swali lake ni lake, na jibu analidai hata kama ana miaka mitano, hata kama limekukaba koo.

Mrudishie simu. Mkalishe. Muulize vizuri, kama alivyoniomba wangu.

Halafu nyamaza, usikilize mpaka amalize.